Maji Niliyoyaita Mafuta

Nilimkausha mtu maji mwilini, nikamwambia amepungua mafuta, nikapokea fedha zake. Mtu huyo alikuwa askari, sajenti aliyekuwa akisubiri ukaguzi wa afya kabla ya kikosi chake kwenda kulinda amani nje ya nchi. Mizani ilimpitisha. Haikuchukua muda akaanguka njiani na shanta mgongoni, akalazwa, na mke wake akaja kuniuliza nilikuwa nimempa nini mumewe. Nikamjibu: mazoezi tu. Makosa basi ni mawili, kumkausha yeye na kumdanganya mkewe, na la pili ndilo zito zaidi. Nayaeleza yote mawili kama yalivyokuwa.

Ninafundisha mazoezi Gikondo, Kigali, chini ya mlima wa Rebero. Nilifika hapa kijana, ndani ya lori. Baba yangu alikuwa dereva wa masafa marefu, akileta shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo hadi kwenye maghala ya MAGERWA, na kule bondeni Kiswahili cha madereva, utingo na wapakuzi ndicho kilichotulisha. Viwanda vingi vya bonde hilo vimeshahamishiwa Masoro, lakini Kiswahili kimebaki. Askari wengi wanakijua pia. Sajenti alikuwa mmoja wao, na tangu siku ya kwanza tulizungumza kama watu waliokulia mtaa mmoja, yeye akiniita Kochi, mimi nikimwita Afande.

Alikuwa amepita miaka arobaini. Simu yake ilikuwa na picha ya zamani akiwa Darfur, ambako Rwanda ilianza kupeleka wanajeshi mwaka 2004: kijana mwembamba, mashavu yameingia ndani, mkanda umebana kiuno na bado ncha yake inaning'inia. Baadaye kazi yake ikawa ya kukaa. Aliwekwa kwenye ghala la vifaa, akawa mtu wa vitabu na hesabu. Mchana alikula melanje, chakula chetu cha Kigali ambacho unalipa bei moja na kujipakulia mara moja tu, kwa hiyo mtu hupanga wali juu ya chipsi, ndizi juu ya muhogo, maharage na isombe, yaani kisamvu, juu ya vyote, maana harudi tena. Jioni mishikaki na bia mbili na wenzake. Hakuwa mlafi, wala mvivu. Aliishi kama wanavyoishi maelfu ya wanaume wa mji huu, na kitambi kikaja kimyakimya mpaka siku alipoambiwa kikosini kwamba uzito wake umezidi na asafiri akiwa ameupunguza.

Kiwango alichopewa ni cha jeshi lake, sikiandiki hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba alizidi kwa kilo sita, na muda uliobaki haukutosha hata robo ya kazi hiyo. Safari ile ilikuwa na posho. Alikuwa amechimba msingi wa nyumba Bugesera na ukuta ulikuwa haujafika dirishani. Aliniambia, "Kochi, nikiikosa safari hii sijengi tena. Umri umekwenda, hawatanichagua mara nyingine."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia ukweli, na ukweli niliujua kwa tarakimu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori zipatazo 7,700. Mtu akitembea kwa kasi saa nzima huchoma kama kalori 300. Ndiyo maana waganga na wakufunzi wanaojali watu husema nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Kilo sita za mafuta ni kazi ya miezi. Nilipaswa kusema, "Afande, haiwezekani kwa muda huu. Nenda kwa daktari wa kikosi, mwambie umeanza, omba upimwe baadaye." Maneno hayo yangenichukua chini ya dakika moja kuyatamka.

Sikuyatamka, kwa sababu nilikuwa na jina la kulinda. Pale mtaani nilijulikana kama mtu anayeshusha uzito kabla ya siku ya kupimwa, na nilipenda kujulikana hivyo. Mizani niliitundika karibu na mlango ili kila anayeingia aione kwanza. Kwa hiyo nikamwambia Afande itawezekana, ila afanye kila ninachosema na asimwambie mtu.

Wiki ya kwanza nilimnyima wanga, na uzito ukashuka kwa kasi iliyomfurahisha mno. Hakuna uchawi katika hilo. Mwili huweka sukari ya akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia maji kama gramu tatu. Ukiacha ugali na wali, akiba inatumika, maji yake yanatoka, na mizani inashuka. Mafuta yapo palepale. Nilijua hivyo wakati nampongeza. Kisha nikamvalisha mifuko ya plastiki ndani ya suti ya mazoezi na kumkimbiza. Nikamwingiza sauna akiwa ameshalowa jasho. Nikamkataza chumvi, nikampunguzia maji ya kunywa, na siku za mwisho nikampa vidonge vya furosemidi, dawa ya kukojoa ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo waliovimba miguu, nao humfuatilia mgonjwa wao kwa vipimo vya damu. Mimi sikuwa na kipimo chochote zaidi ya mizani. Nilimwambia ni vidonge vya kuchoma mafuta.

Na nilikuwa nimeshaonywa. Miaka mingi kabla nilisoma habari za wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani waliokufa mwishoni mwa mwaka 1997, wote ndani ya wiki chache, kila mmoja akijikausha ili aingie kwenye uzito wa pambano lake. Walifanya mazoezi kwenye chumba cha joto wakiwa wamevaa suti za mpira, bila kunywa maji. Baada yao wakuu wa michezo ya vyuo kule walipiga marufuku suti hizo na vyumba hivyo vya joto. Niliisoma habari hiyo hadi mwisho. Nikajiambia wale walipita kiasi, mimi nina kipimo changu. Sikuwa na kipimo. Nilikuwa na bahati, na bahati hiyo ilikuwa imetumika kwa watu kadhaa kabla ya Afande.

Siku ya ukaguzi alipita. Alinipigia akicheka kwa sauti ya mtu aliyekauka koo. Alikunywa maji mengi kwa mara moja, akala, akalala, na kwa kuwa alijiona mwepesi akaendelea na vidonge vilivyobaki ili uzito usirudi. Sikuwa nimemwambia aviache.

Kikosi kilipoanza mazoezi ya kutembea na mizigo, alikuwa mstari wa kati. Aliyonisimulia baadaye nayaandika kama alivyoyasema. Kwanza vidole vya mikono vilianza kujikunja vyenyewe. Halafu mapaja yakabanwa misuli, yote mawili kwa pamoja, akaendelea kutembea kwa kuwa mbele na nyuma yake walikuwa vijana aliowazidi umri na cheo, naye hakutaka wamwone akisimama. Moyo ukaanza kudunda bila mpango, unakimbia, unasita, unakimbia. Akaanguka. Vijana wawili walitua shanta zao wakambeba hadi kwenye gari. Kitu kilichomuumiza zaidi, aliniambia, ni kusikia mmoja wao akimwomba msamaha kwa kumshika vibaya.

Mwili unapopoteza maji kiasi cha asilimia mbili tu ya uzito wake, nguvu ya kustahimili tayari imeshaanza kushuka. Furosemidi haitoi maji peke yake, inatoa na potasiamu, madini ambayo misuli yote inayahitaji ili ikaze na kulegea kwa wakati wake, na moyo ni msuli. Ongeza jua, mlima na mzigo juu ya mtu wa namna hiyo. Misuli ya Afande ilianza kuvunjika, na mabaki yake yakaenda kuziba figo. Alipofikishwa hospitali mkojo wake ulikuwa wa kahawia.

Mke wake alikuja jioni wakati nafunga. Hakuingia ndani, alisimama kibarazani na mtoto mgongoni. Alisema, "Kochi, daktari anataka kujua baba wa watoto alikuwa anatumia dawa gani. Yeye mwenyewe hasemi kitu cha kueleweka."

Nilimtazama usoni nikasema, "Hakuna dawa, Mama. Ni mazoezi tu, na maji ya ndimu asubuhi."

Akasema, "Asante. Nitamwambia daktari hivyo." Akanishukuru pia kwa jinsi nilivyomsaidia mumewe kupita ukaguzi. Kisha akapanda pikipiki kurudi hospitali, akibeba jibu langu.

Nimejaribu kukumbuka nilichofikiri wakati ule, na sikumbuki kuwaza juu ya Afande hata kidogo. Niliwaza juu ya mtu wa duka la dawa aliyeniuzia vile vidonge bila cheti, nikawaza juu ya polisi, nikawaza juu ya kodi ya ukumbi. Daktari alikuwa amekaa na mgonjwa ambaye damu yake ina upungufu wa potasiamu usio na sababu inayoonekana, figo zinakataa kazi, na mtu pekee anayejua sababu amesema maji ya ndimu. Kila saa niliyonyamaza, walikuwa wakitafuta ugonjwa ambao haukuwapo.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinipeleka hospitali. Haikuwa dhamiri. Kijana mwingine niliyempa vidonge vilevile alizimia ndani ya sauna yangu, akajigonga kichwa kwenye benchi. Alizinduka haraka, lakini nilipomwinua nikaona vidole vyake vimejikunja kama vya Afande. Niliogopa kuua mtu. Hofu ndiyo iliyonibeba.

Daktari hakunipigia kelele. Aliuliza jina la dawa, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, ya mwisho lini. Aliandika. Aliuliza kuhusu sauna na maji. Aliandika. Alipomaliza aliniambia kwamba mgonjwa akisimamisha dawa ile na kufuatiliwa vizuri kuna matumaini makubwa figo zitarudi, na kwamba swali lile waliliuliza tangu siku ya kwanza. Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kwa mke wake aliyekuwa amekaa kwenye korido, nikamweleza nilivyomdanganya. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga upya mbeleko, akainuka akaenda kukaa benchi la mbali.

Afande alipata nafuu. Figo zilirudi, si zote kwa siku moja, na hadi leo anapimwa. Kikosi kiliondoka bila yeye. Msingi wa Bugesera uko vilevile, na mvua zimeanza kuuharibu. Nilimrudishia fedha zake na nikajitolea kuchangia saruji. Fedha alizichukua, saruji aliikataa. Aliniambia, "Kochi, mimi pia ni mtu mzima. Hukunishika mikono ukanimezesha." Huo ni wema wake. Mtu mzima aliyeambiwa kidonge ni cha mafuta huamua juu ya kidonge cha mafuta. Hakupata nafasi ya kuamua juu ya dawa ya kukojoa.

Nimekuwa nikifikiria sana viwango hivi tangu wakati ule, na sikubaliani na wenzangu wa jimu wanaosema kosa ni la jeshi kupima watu. Jeshi lina haki ya kupima, na lina wajibu. Rwanda ina askari Afrika ya Kati, Sudan Kusini, na tangu Julai 2021 Cabo Delgado kule Msumbiji, kwenye joto la pwani ambalo sisi wa milimani hatujalizoea. Askari akianguka kule, wenzake wawili wanaacha bunduki zao kumbeba, na hao watatu wote hawafanyi tena kazi waliyotumwa. Kiwango kinawekwa kwa ajili ya hao wawili pia. Mimi nilikisoma kiwango kile kama mlango wa kuvuka siku moja, nikamvusha mtu ambaye hali yake nyuma ya mlango ilikuwa mbaya kuliko alipoufikia. Alipokuwa na kilo zake sita za ziada, Afande angeweza kumaliza ule mwendo. Pengine angefika wa mwisho. Angefika.

Mizani nayo niliipa heshima isiyo yake. Kile kipimo cha kugawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe kilitungwa na Mbelgiji, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830, mtu wa hesabu na nyota, aliyetaka kuueleza umma wa watu wengi, wala hakuwa anamtibu mgonjwa yeyote. Kijana ninayemfundisha ndondi ana urefu wa mita 1.75 na kilo 82 za misuli mitupu. Kwa kipimo hicho anapata karibu 27 na anaitwa mnene, kwa kuwa mpaka ni 25. Majeshi makubwa yameliona tatizo hilo zamani. Jeshi la Marekani lilikuwa likimpima kwa tepu askari aliyezidi uzito, na kukubali asilimia fulani ya mafuta kwa kila umri: mwanaume wa miaka 21 hadi 27 asizidi 22, aliyefika 40 na kuendelea asizidi 26, wanawake wakiwekewa kiwango cha juu zaidi kwa sababu miili yao imeumbwa hivyo. Kwa miaka mingi walipima shingo na kiuno pamoja, na mwaka 2023 wakaamua kubaki na kiuno peke yake kwenye usawa wa kitovu. Hata huko watu hujifunga plastiki tumboni kabla ya kupimwa. Nilipolisoma hilo sikujisikia nafuu kwamba kuna wengine kama mimi.

Kiuno, hata hivyo, kina ukweli ambao mizani haina. Mafuta yanayozunguka utumbo na ini ndiyo yanayoleta kisukari na presha, na Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mwanaume huanza kiuno kinapozidi sentimita 94, na kuwa kubwa kinapozidi 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Tepu ya fundi cherehani niliyokuwa nayo kwenye droo ingetosha. Kila wiki niliyompima Afande kwa mizani, kama ningezungusha tepu ile kiunoni mwake, tungeona wote wawili kwamba karibu hakuna kilichopungua. Nadhani ndiyo maana sikuitoa.

Nimefanya kosa hilohilo kwa upande wa pili pia. Mtoto wa dereva mmoja rafiki wa baba yangu, kijana Mkenya, alitaka kujiunga na jeshi la kwao, ambalo limekuwa likitaka mwanaume awe na angalau kilo 54.55 na mwanamke kilo 50. Alikuwa amepungua kidogo. Nilimshauri anywe maji na ale ndizi asubuhi ya kupimwa, tukacheka. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo niliita ushauri huo ujanja. Sasa naona ulikuwa mwanzo wa kuamini kwamba mwili wa askari ni hesabu ya asubuhi moja.

Afande ameanza upya, kwa ruhusa ya daktari na kwa mpango alioupitisha daktari. Alfajiri anapanda kwenda Rebero kwa miguu, pole pole kwanza, sasa kwa mwendo mzuri. Jumapili ambazo barabara za Kigali hufungwa magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016, anatoka na watoto. Melanje bado anakula, ila maharage na mboga vinatangulia kwenye sahani na chipsi hazipandi. Bia ni ya Jumamosi. Tunapima kiuno mara moja kwa mwezi, na tepu imekuwa ikirudi nyuma. Mkewe ananisalimu kwa kuwa ni mtu wa adabu. Hajawahi tena kuja kibarazani.

Mizani nimeitoa mlangoni. Anayekuja akiwa na ukaguzi karibu namrudisha kwa daktari wa kikosi chake, na wengi hukasirika na kwenda kwingine, ambako najua watafanyiwa nilichokuwa nikifanya. Mapato yamepungua, na ni sawa yapungue.

Lakini kabla ya Afande kulikuwa na wengine, na sina namba zao wote. Wengine walihamishwa vituo, wengine wako nje ya nchi, simu nilizokuwa nazo hazipatikani. Ninamkumbuka koplo mmoja wa kike aliyekuwa na mtoto anayenyonya, aliyetaka kurudi kwenye sare yake ya kabla ya ujauzito. Dawa ile inaweza kukausha maziwa. Alinilalamikia kwamba maziwa yamepungua, nikamwambia ni uchovu. Ninawakumbuka vijana wawili ndugu waliokuja pamoja, na mstaafu aliyetaka kazi ya ulinzi.

Kama uliwahi kupita kwangu Gikondo kabla ya kupimwa uzito, nikakupa vidonge vyeupe vidogo kwenye karatasi iliyokunjwa, vile havikuwa vya mafuta. Vinaitwa furosemidi. Kama unavyo bado, usimeze kingine. Kama misuli hubanwa usiku, au moyo hukosa mpangilio, au mkojo umebadilika, nenda hospitali upimwe figo na potasiamu, na umtajie daktari jina hilo. Niliwaomba nyote mlifiche jambo hili. Mtajieni, na mwambieni ni mimi niliyewapa.